Jeshini Mteja Hachagui: Kuingia kwenye Biashara kwa Njia ya MBA

Jeshini mteja hachagui. Askari anakula kilichopikwa bwaloni, anavaa kilichotolewa bohari na anapanda gari lililopangwa. Anayesimamia bohari hiyo anaweza kuwa makini kuliko meneja yeyote wa ghala pale Kizota, Dodoma, lakini hajawahi kunyang'anywa mteja na bohari ya jirani, wala hajawahi kupunguza bei Alhamisi kwa sababu mnunuzi wa Jumatatu amepata kwingine. Kupanga anajua, kuongoza watu anajua, kutunza mali anajua. Bei na mteja ndivyo vigeni kwake.

Ukiwa mwanajeshi unayetaka kuhamia biashara kwa kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ukilishika hilo maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi. Usipolishika utafanya kama maafisa wengi: utajaza fomu, utachagua masomo ya uongozi, rasilimali watu na mkakati kwa kuwa unayaelewa na unajua utapata A, kisha utatoka na cheti kizuri na pengo lile lile. Miaka miwili na mamilioni ya ada ni gharama kubwa mno kwa kuthibitishiwa unachokijua tayari.

Ushauri mwingi wa mada hii mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Wamarekani, na hapo ndipo watu wetu hupotea. Kule kuna sheria ya mwaka 2008, Post-9/11 GI Bill, inayoweza kumlipia aliyelitumikia jeshi masomo ya hadi miezi 36. Ndiyo maana mtu wao huacha jeshi kwanza, halafu husoma kutwa bila hofu ya ada. Hapa Tanzania hakuna mfuko wa namna hiyo. Anayeiga mpangilio ule hujikuta analipa ada kwa kiinua mgongo, huku familia inakula kiinua mgongo hicho hicho. Kwetu utaratibu unapaswa kugeuzwa: soma ukiwa bado unapokea mshahara, toka ukiwa umeshakabidhi tasnifu.

Saa 1,800

Shahada ya uzamili nchini hubeba krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, kujisomea, kazi za vikundi, utafiti. Hizo ni saa 1,800. Mtu wa kazini anayejibana vizuri hupata jioni nne za saa mbili na nusu na Jumamosi nzima ya saa nane, yaani saa 18 kwa wiki. Gawanya, utapata wiki 100. Kwa hiyo tangazo la chuo likisema miezi 18, elewa kwamba linamzungumzia mtu asiyepangiwa lindo, asiyekwenda zoezi na asiyeweza kuitwa misheni ya Umoja wa Mataifa muhula ukiwa katikati. Anayetazamia kustaafu aanze miaka mitatu kabla, si mwaka mmoja.

Ruhusa ya masomo iombwe kwa maandishi kupitia ngazi zote za kamandi, hata kama darasa ni la jioni na ada unajilipia. Wapo wanaoanza kimyakimya wakidhani muda wao ni wao. Shida huja wiki ya mitihani, pale jina linapotokea kwenye orodha ya zoezi na mkuu wa kikosi hana karatasi yoyote inayomwonyesha kwamba unasoma. Ulizia pia chuoni, kabla ya kulipa chochote, masharti ya kuahirisha muhula: unaruhusiwa mara ngapi, ada uliyolipa inahamishwa au inapotea, na usajili wako unakwisha baada ya miaka mingapi. Barua ya kuahirisha huandikwa kabla ya kuondoka. Ukiiandika umesharudi, matokeo yako yatakuwa yameshasomeka kama ya mtu aliyetoroka mtihani.

Kwa aliye Dodoma mazingira siku hizi ni rafiki. Wizara ya Ulinzi iko Mtumba, makao makuu ya JKT yako Chamwino, maeneo ya jeshi ya Kikombo na Makutupora ni jirani, na Chuo Kikuu cha Dodoma kiko ndani ya jiji kikiwa na ndaki ya biashara na uchumi inayofundisha MBA. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa kwa wasioweza kabisa kufuata ratiba ya darasa. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, ina shahada za uzamili zinazojikita kwenye fani moja, kama ugavi. Ulizia ipi inafundishwa kampasi ya Dodoma mwaka huo. Na tangu treni ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, hata darasa la wikiendi Morogoro limekuwa jambo la kufikirika, kwa kuwa safari ni ya saa mbili hivi. Piga hesabu ya nauli na malazi ya wikiendi zote kabla ya kushangilia.

Sifa ya kuingia, kwa kawaida, ni shahada ya kwanza yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 2.7. Aliye chini ya hapo hupitia stashahada ya uzamili kwanza, na si aibu. Kwa mtu aliyekaa miaka kumi na tano bila kushika kitabu, mwaka huo humwamsha. Maafisa wa miaka ya karibuni hutoka chuo cha kijeshi Monduli na shahada ya sayansi ya kijeshi. Wa zamani wengi wana vyeti vya kozi nzito za ndani na nje ya nchi ambavyo kwa jicho la ofisi ya udahili si shahada. Cheti cha nje kipelekwe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa utambuzi mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kwa sababu chuo ulichosoma nje nacho kinaweza kuulizwa, na majibu yake hayana haraka yako.

Kitu kidogo kinachokwamisha watu wengi kuliko GPA ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, rekodi za jeshini zimeandika jina la ukoo ambalo shule haikuwahi kuliona. Weka karatasi zote mezani siku moja, linganisha herufi kwa herufi, na kama hazilingani nenda kwa wakili ukaandae hati ya kiapo au ya kubadili jina. Fanya hivyo mwanzo. Tofauti hiyo hiyo itarudi kukusumbua kwenye mafao.

Na kama wewe ni sajenti au afisa mteule mwenye stashahada, usikimbilie MBA kwa sababu meja fulani anayo. Aliyekaa bohari miaka mingi ana njia nyingine: mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Ununuzi wote wa umma sasa unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na anayeufahamu mfumo huo huku akiwa amewahi kupokea, kuhesabu na kutoa mali halisi hakosi pa kuanzia. Aliyeshika vitabu vya fedha vya kikosi atazame NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, yenye mitihani kila Mei na Novemba. Kwa maoni yangu, kwa watu wa kundi hili cheti cha bodi kinafungua milango mingi kuliko shahada ya uzamili iliyopatikana kwa kuunga unga.

Darasani

Jambo lisilosemwa sana ni lugha. Jeshi letu linaamrisha, linaandika na kufokea kwa Kiswahili, ilhali MBA inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Afisa aliyeandika ripoti mia moja za kikosi anakaa mbele ya insha ya kurasa kumi na mkono unagoma. Dawa si kozi ya mazungumzo. Chukua ripoti ya mwaka ya benki au kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, soma kurasa tano kila siku kwa wiki nane, na kila siku andika aya moja ya muhtasari kwa maneno yako. Utakuwa umejifunza lugha na mizania kwa mpigo.

Katika wiki hizo nane fufua na hesabu. Haihitajiki hesabu ya juu: asilimia, riba ya mchanganyiko, mlinganyo wa mstari mnyoofu, wastani na mtawanyo. Mfano wa kujipima: shilingi milioni moja utakayolipwa baada ya miaka mitatu ina thamani gani leo kama mtaji wako unagharimu asilimia 15 kwa mwaka? Gawanya milioni moja kwa 1.15 mara tatu. Jibu ni kama 657,500. Ukilielewa hilo hadi uweze kumweleza mwenzako bwaloni, somo la fedha halitakutisha. Usipolielewa, kila mada inayofuata itakuwa ni kukariri fomula.

Cheo nacho kina tabu yake. Kundi la kazi lina watu watano: karani wa benki wa miaka 26, mwalimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ofisa wa halmashauri, na wewe. Kwa mazoea utakamata uenyekiti, utagawa majukumu dakika ya kumi na kazi itakuwa tayari siku moja kabla. Itakuwa nyepesi. Mwenye duka alikuwa na la kusema kuhusu kukopesha mafundi na jinsi wanavyolipa, lakini alipoona mambo yameshapangwa akanyamaza. Kwenye kundi la namna hiyo, wa mwisho kuzungumza awe mwanajeshi. Maarifa ya bei yako kwa mwenye duka, na ndiyo uliyoyalipia ada.

Tofauti ya kufikiri inaonekana zaidi kwenye mifano ya biashara inayojadiliwa darasani. Chukua zabibu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na zabibu mbichi huanza kuharibika ndani ya siku chache. Mkulima wa Hombolo asiye na chumba cha ubaridi hana muda wa kubishana na kiwanda cha mvinyo, na mnunuzi analijua hilo. Mwanajeshi akipewa mfano huu huandika mapendekezo yanayofanana na amri: wakulima waunde ushirika, kiwanda kijengwe, bei elekezi itangazwe. Mhadhiri mzuri atamuuliza: chumba cha ubaridi kinaongeza gharama kiasi gani kwa kilo? Nani atabeba riba ya mkopo wake miezi ambayo hakuna mavuno? Zabibu kavu atanunua nani, na leo ananunua za wapi na kwa bei gani? Hapo hakuna wa kumwamrisha. Kila mmoja katika mnyororo anaweza kusema hapana na kuondoka, na mpango usioeleza kwa nini aseme ndiyo haujawa mpango wa biashara.

Kuna na hili la kutimiza jukumu. Jeshini jukumu likishatolewa linatimizwa; njia hubadilika, lengo hubaki. Kwenye biashara mara nyingi uamuzi bora ni kuacha, hata kama milioni 40 zimeshazama, kwa kuwa hizo 40 hazirudi ukiendelea wala ukiacha. Swali ni moja tu: zinazofuata zitaleta nini? Wastaafu wengi wanaoangushwa na mashamba na nyumba za wageni hawaangushwi na uvivu. Wanaangushwa na ushupavu ule ule uliowapandisha vyeo.

Kwa hiyo chagua masomo kwa kufuata pengo. Uhasibu wa gharama, fedha, masoko, uchambuzi wa takwimu, uendeshaji na ugavi: hayo yawe mengi kadiri ratiba inavyoruhusu. Uongozi soma ule wa lazima tu.

Somo ambalo ningelipigia mstari mwekundu ni mtaji wa kuendeshea biashara, maana wastaafu wengi wa Dodoma huingia kwenye kuuzia ofisi za serikali. Tuchukue umepata zabuni ya vifaa vya shilingi milioni 30 na gharama yako ni milioni 25. Faida kwa karatasi ni milioni 5. Hizo 25 umekopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, sawa na laki tano. Malipo yakichelewa miezi mitano, riba imekula milioni 2.5. Ofisi inapokulipa hukata kodi ya zuio ya asilimia 2 ya bei ya bidhaa, yaani 600,000, inayokwenda TRA na kuhesabiwa kwenye kodi yako ya mapato baadaye. Mkononi unabaki na milioni 1.9. Malipo yakichelewa miezi kumi, riba imefika milioni 5 na umefanya kazi ya bure. Hakuna aliyekuibia. Jeshini mali ikishaidhinishwa inakuja. Hakuna aliyewahi kukutoza kwa kungoja.

Tasnifu isiwe ya jeshi

Kishawishi cha kuandika kuhusu jeshi ni kikubwa: unalijua, watu unao. Kiepuke. Vibali huchukua muda mrefu, data nyingi hutaruhusiwa kuzitumia, na askari akiletewa dodoso na afisa hujibu anachodhani afisa anataka kusikia. Tasnifu ni nafasi ya kuingia ofisi ya watu unaotaka kufanya nao kazi, ukiwa na barua ya chuo mkononi na haki ya kuuliza maswali ambayo mtafuta kazi haulizi.

Chagua eneo unalotaka kuishi kwalo. Kwa nini viwanda vya kukamua alizeti hukosa mbegu sehemu ya mwaka wakati Kongwa na Singida zinalima? Nani anabeba hasara ya unyevu kwenye mahindi yanayouzwa Kibaigwa? Barua ya utambulisho hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani au kwenye halmashauri. Itembeze mwenyewe, usingoje ijitembeze. Ukubwa wa sampuli wengi hukokotoa kwa fomula ya Yamane: jumla ya watu 400 na kosa la asilimia 5 hukupa 200. Kabla ya kuandika 400 jiulize kama dodoso 200 utazikusanya kweli kwa Jumamosi ulizonazo. Watu 60 waliohojiwa vizuri, kwa mbinu uliyoitetea mapema mbele ya msimamizi, huvuka salama kuliko 200 waliojazwa usiku mmoja. Watahini hunusa.

Wasifu wa kazi na mipaka ya sheria

Mwajiri wa uraiani anataka tarakimu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kutoa taarifa za siri, na idadi ya magari, watu au silaha za kikosi si za kuandika kwenye karatasi itakayozunguka maofisini. Njia ni kutumia uwiano na muda badala ya jumla. Usiandike kikosi kilikuwa na malori mangapi na yako wapi. Andika kwamba muda wa wastani wa gari kukaa karakana ulipungua kutoka siku 21 hadi 9, au kwamba tofauti kati ya kadi za bohari na mali halisi ilishuka kutoka asilimia 6 hadi chini ya 1, kama ndivyo ilivyokuwa. Meneja wa usafirishaji atakuelewa papo hapo, na hakuna siri iliyotoka. Penye shaka, mwonyeshe ofisa usalama wa kikosi kabla ya kutuma.

Ondoa maneno ya kambini. "Mkuu wa kombania" haimwambii kitu meneja rasilimali watu. "Nilisimamia watu zaidi ya mia moja, ratiba zao, mafunzo, nidhamu na vifaa" inamwambia. Waliowahi kushughulikia vifaa kwenye misheni za Umoja wa Mataifa wana hazina wasiyoijua. Kule nchi hulipwa kwa vifaa ilivyopeleka, kwa viwango vya kila mwezi vilivyokubaliwa, baada ya wakaguzi kuthibitisha kwamba vinafanya kazi. Jenereta mbovu ni malipo yaliyopungua. Huo ni mkataba wa kukodisha, wenye bei, ukaguzi na makato. Aliyeandaa ripoti zake ameshafanya biashara, na hilo liandikwe juu kabisa.

Uwe macho na nafasi ya meneja ulinzi. Utapewa haraka, pengine kabla hujaomba, kwa kuwa mwajiri akiona jeshi huona geti. Ni kazi halali, ila ukiingia hapo ukiwa na MBA, kuhamia uendeshaji au fedha baadaye ni vigumu kuliko kuanza na nafasi ndogo huko. Za serikalini nazo tazama umri: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida huweka kikomo cha miaka 45, isipokuwa kwa walio tayari kwenye utumishi wa umma.

Mshahara ndiyo mazungumzo ya kwanza ya bei utakayofanya maishani, maana jeshini hukuwahi kuulizwa unataka kiasi gani. Nenda ukiwa umeshapiga hesabu. Ukiambiwa milioni 2.5 kwa mwezi, toa kwanza mchango wako wa NSSF, kwa kawaida asilimia 10: 250,000. Kinachobaki, 2,250,000, kinatozwa kodi: 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya kinachozidi, jumla 503,000. Unapeleka nyumbani 1,747,000. Toa kodi ya nyumba, kama sasa unakaa kwenye nyumba za kikosi, na matibabu ya familia kama kampuni haina bima. Linganisha kinachobaki na unachopokea leo pamoja na posho zako. Ndipo utaje kiasi chako, na kabla ya kusaini hakikisha mkataba umeandika wazi kama kiasi hicho ni kabla au baada ya makato, bima inahusu wategemezi wangapi, na kipindi cha majaribio ni cha miezi mingapi.